Kununua Gobore la Kale Mtwara na Lindi: Karatasi, Kasiba na Kutu

Gobore linalofaa kukusanywa ni lile lenye mwenyewe anayejulikana, namba inayosomeka, na chuma ambacho hakuna aliyekipiga msasa. Mengine yote hufuata nyuma ya hayo matatu. Wanunuzi wengi huanza na urembo wa kitako au hadithi ya dalali, ndiyo maana wanaishia na bomba la maji lililofungwa kwenye mbao, au mbaya zaidi, na kesi.

Kusini hii magobore yaliingia kwa wingi kwa sababu ya biashara. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilishuka kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani, na bunduki na baruti zikapanda bara kwa njia hizohizo, nyingi mikononi mwa wafanyabiashara Wayao. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa Afrika, lakini ukaacha mwanya, kwa masharti, kwa bunduki za gumegume, yaani zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na mifereji ndani ya kasiba (bomba la bunduki), na kwa baruti ya kawaida. Ndiyo sababu viwanda vya Liège, Ubelgiji, na Birmingham, Uingereza, viliendelea kuuza Afrika bunduki za mtindo ambao majeshi ya Ulaya yalikwisha kuuacha zamani. Hata wapiganaji wengi wa Majimaji mwaka 1905 walisimama na magobore ya namna hiyo mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani. Kwa hiyo ukilikuta gobore la kushindilia baruti na risasi kupitia mdomoni, Masasi au Nachingwea, lisome kama bidhaa ya biashara ya dunia, hata kama limekaa darini kwa babu wa mtu.

Leo utakutana na makundi matatu. La kwanza ni bunduki za kale zenyewe: za Ulaya, na mara chache za utambi kutoka Oman, ndefu, nyembamba, zenye pete za fedha kwenye kasiba. La pili ni nakala za kisasa zilizotengenezwa kwa mtindo wa kale, hasa kutoka Italia. Davide Pedersoli wa Gardone Val Trompia, kiwanda kilichoanza 1957, ndiye jina utakaloliona zaidi. Za Parker-Hale wa Birmingham zinatafutwa sana kwa sababu nakala zake za Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza ya karne ya 19, zilifuata vipimo vya asili. La tatu ni magobore ya wahunzi wa vijijini. Hayo ya tatu yaache. Mengi hayana namba wala usajili, kasiba zake ni bomba lisilotengenezwa kuhimili mlipuko, na hakuna karatasi itakayoweza kuyasafisha baadaye.

Karatasi kwanza

Usidhani umri wa bunduki unakuondolea leseni. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, chukulia kila gobore kuwa ni silaha hadi polisi wakupe jibu tofauti kwa maandishi. Hata lile lililoziba kwa kutu usilibebe kwenye bodaboda kwenda kulionyesha kwa rafiki.

Utaratibu unaanzia chini. Unaandika ombi, unapitia serikali ya kijiji au mtaa na kata, kisha kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, OCD, na kamati za usalama zinajadili tabia yako, sababu yako na mahali utakapoihifadhi silaha. Andika wazi kwamba nia yako ni kukusanya na kuhifadhi, si kuwinda. Wenye nyumba za udongo hukwama hapa: wanaulizwa sanduku liko wapi na hawana. Tengeneza sanduku la chuma lenye kufuli mbili, lililofungwa ukutani kwa bolti, kabla hujapeleka ombi, upige na picha yake.

Ukinunua kwa mtu mwenye leseni, muuzaji na mnunuzi mnakwenda polisi pamoja, namba ya bunduki inalinganishwa na kitabu chake, na umiliki unahamishwa hapo. Hela isitoke kabla. Kama mwenye mali anataka kianzio, andikianeni mbele ya mashahidi kwamba kinarudi chote iwapo kibali kitakataliwa. Dalali anayesema “tuma kwa simu kwanza, karatasi zitafuata” huna haja ya kumsikiliza zaidi.

Bunduki za urithi ndizo zenye mtego mkubwa. Mzee akifariki, leseni yake haiwi mali ya watoto. Familia inatakiwa kuripoti na kuikabidhi silaha polisi, ikae huko hadi msimamizi wa mirathi aamue nani anaomba kuimiliki. Mwana anayekuuzia gobore la marehemu baba yake bila barua ya usimamizi anakuuzia kitu ambacho si chake kukiuza, hata kama ana nia njema kabisa. Na kama silaha haikuwahi kusajiliwa, ushauri wa haki kwa familia ni mmoja: waisalimishe. Serikali hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na kipindi hicho ni nafasi pia ya kuomba kitu chenye thamani ya kihistoria kipelekwe Makumbusho ya Taifa badala ya kuteketezwa. Andikeni ombi hilo mapema, na picha.

Mambo mengine matatu ya kisheria yanawasumbua watu wa huku. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa cha kale chini ya ulinzi, kwa hiyo gobore la miaka hiyo halitoki nchini bila kibali. Kuvuka nalo Kilambo au Mtambaswala kwenda Msumbiji ni kosa juu ya kosa. Pili, bunduki yenye nakshi ya pembe ya ndovu inagusa sheria ya nyara za serikali, nayo inataka kibali chake. Tatu, wakazi wa Liwale na vijiji vinavyopakana na Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere wajue kwamba gobore ndilo silaha ya kawaida ya majangili, hivyo kukutwa nalo njiani bila kibali hakutakuwa na maelezo mepesi.

Je, limeshindiliwa?

Swali hili linakuja kabla ya kulisifu au kulipima. Gobore huweza kukaa miaka mia likiwa na baruti na risasi ndani, na baruti nyeusi iliyo kavu haizeeki ikafa. Wakati wowote ule mdomo wa kasiba usielekee mtu, na kichwa chako kisiwe juu yake.

Chukua kijiti cha mbao kirefu kuliko kasiba. Kiingize taratibu hadi kigote, weka alama ya penseli kwenye usawa wa mdomo, kisha kitoe ukilaze nje sambamba na kasiba, alama ikiwa kwenye mdomo. Ncha ya kijiti inatakiwa ifike karibu na tundu la moto pembeni, au chini ya kifa, yaani ile chuchu inayovalishwa fataki, kikofia kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Ikiishia sentimita tatu, tano au zaidi kabla ya hapo, kuna kitu ndani. Huenda ni kiota cha nyigu wa udongo, huenda ni shehena kamili. Kwa nje huwezi kujua, basi lichukulie kuwa limeshindiliwa.

Usichokonoe kwa nondo, usipige mdeki (fimbo ya kushindilia) kwa nyundo, usipashe moto, usitoboe. Kumimina maji pia hakutoshi, maana risasi iliyokaza huzuia maji yasifike kwenye baruti. Liache pale lilipo, watu wasogee, na polisi waitwe waje na mtu wao wa silaha. Kama muuzaji anakasirika kwa hilo, biashara imeishia hapo.

Kuisoma bunduki

Beba futi ya utepe, vernia ya kupimia kipenyo, tochi ndogo ya kalamu, kioo kinachokuza na kitambaa cha pamba. Anza na kipenyo cha ndani cha mdomo, kwa sababu hicho hakidanganyi kirahisi. Karibu milimita 19 na kasiba laini bila mifereji: ni ukoo wa Brown Bess wa Uingereza. Milimita 17.5: ni mtindo wa Kifaransa wa 1777 na jamaa zake, ambao Liège iliwaiga sana. Milimita 14.7 yenye mifereji mitatu: ni Enfield ya 1853. Kasiba ya Brown Bess ya aina ya India, iliyokubaliwa jeshini Uingereza mwaka 1797, ina sentimita 99. Enfield ndefu ya pete tatu nayo ni 99. Ikiwa fupi kuliko hapo, angalia kama mdomo umekatwa. Kwenye kasiba iliyokatwa, kuta zinaonekana nene kuliko kawaida mdomoni, na kishikio cha mbele cha kulengea hakipo au kimebandikwa upya.

Watu watakuletea pia “gobore la Mjerumani”. Likiwa na bolti ya kufungulia nyuma, na upande wa kushoto kuna maandishi ya Kigothi I.G.Mod.71, hiyo ni Mauser ya 1871 ya milimita 11, ambayo askari wengi wa Wajerumani walikuwa nayo hata vita vya 1914 vilipoanza. Inatumia risasi zenye maganda. Kwa mapigano ya Mahiwa na Nyangao ya Oktoba 1917, si ajabu zipo mkoani Lindi. Lakini si gobore, na ombi la leseni lililoandikwa “gobore” halitaifunika.

Mihuri, yaani alama za kuonyesha kasiba ilipimwa nguvu, iko juu ya kasiba upande wa nyuma, karibu na mtambo wa kufyatulia. Kwa nyingine lazima mbao itolewe uione. Liège huonyesha herufi ELG ndani ya umbo la yai. Taji juu ya yai liliongezwa 1893, kwa hiyo yai lenye taji linakuambia bunduki ilipimwa mwaka huo au baadaye, hata kama mtindo wake ni wa 1800. Birmingham ina fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji, pamoja na herufi BPC na V. Nakala za Italia zina muhuri wa PN wa baruti nyeusi, namba ya mfululizo, na ndani ya kisanduku kidogo herufi mbili za mwaka. Mfululizo wa herufi hizo ulianza na AA kwa 1975. Ukiona PN kwenye bunduki inayouzwa kama “ya enzi za Machemba”, yule chifu wa Wayao aliyewapinga Wajerumani, umeshajua kuwa ni nakala.

Neno TOWER na taji kwenye bamba la mtambo lisikupumbaze. Viwanda binafsi viliyachonga kwenye bunduki za biashara kwa sababu wanunuzi Afrika waliyaamini. Chukua kioo, tazama ndani ya mikato ya herufi. Kwenye herufi za kale, kingo zimelainika na kutu nyeusi imejaa mpaka chini kwa rangi ileile ya bamba lote. Herufi zilizochongwa majuzi zina kingo kali, na chini yake chuma kinang’aa au kina kutu nyekundu mbichi.

Kisha mtambo. Jeshi la Uingereza lilianza kuhama kutoka gumegume kwenda fataki karibu na 1840, na bunduki nyingi za zamani zilibadilishwa. Tafuta kwenye bamba matundu yaliyozibwa pale palipokuwa na kisahani cha baruti na springi yake, na kipande cha mviringo kilichopachikwa ubavuni mwa kasiba kubeba kifa. Badiliko hilo la zamani ni sehemu ya historia ya bunduki na halishushi heshima yake. Linaloshusha ni kurudishwa kwenye gumegume miaka ya karibuni ili iuzwe ghali: kisahani kipya, weldi yenye vipele, skrubu za nyota.

Pandisha nyundo polepole kwa dole gumba, bila kuiachia. Inatakiwa ishike hatua mbili, ya nusu na ya kamili, na kila moja usikie mlio wake. Kwenye nusu, bonyeza kifyatulio kidogo: nyundo isishuke. Ikishuka, jino la ndani limelika. Ishushe kwa dole. Ukiiacha ipige kavu utavunja kifa au springi, na springi ya kale kuipata tena ni kazi. Linganisha pia rangi ya nyundo, bamba na skrubu. Vilivyozeeka pamoja vina weusi mmoja.

Mulika ndani ya kasiba. Kutu nyepesi na vidimbwi vidogo hatutegemei visiwepo kwenye hali ya hewa hii. Kinachoua thamani ni ufa, uvimbe wa kasiba unaousikia ukipitisha vidole taratibu kwa nje, au mstari mnyoofu wa kulehemu kutoka mbele hadi nyuma, dalili ya bomba la kawaida. Nyuma, pale kizibo kinapokutana na kasiba, mwanya ulio mweusi una maana gesi ilikuwa ikivuja.

Mbao ina habari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Bunduki nzuri za Uingereza zina mti wa jozi. Za biashara za Liège mara nyingi ni mbao nyepesi ya Ulaya iliyopakwa rangi. Kitako cha mninga au mkongo kina maana kilitengenezwa huku baada ya cha kwanza kuoza au kuliwa. Hatushauri kukikataa. Kitako cha fundi wa Newala wa miaka mingi iliyopita kinasimulia gobore liliishi wapi, mradi bei isiwe ya bunduki kamili ya asili. Gonga mbao kwa kifundo cha kidole toka mwisho hadi mwisho. Palipo na mlio wa ganda tupu, mchwa au bungua wamepita ndani.

Katika kupatana bei, punguza kwa mpangilio huu: kasiba iliyokatwa au kung’arishwa hupunguza zaidi ya yote, kisha mtambo usio wake, kisha kitako kipya. Mdeki uliopotea ni jambo dogo, wengi wameupoteza. Karatasi ya zamani, picha ya mzee akiwa nayo au maelezo ya familia yaliyoandikwa na kusainiwa, hivyo huongeza. Ukiweza, mlipe mtu vizuri kwa hivyo, maana bunduki isiyojulikana ilikotoka ni chuma tu.

Kuitunza pwani

Hewa ya Mtwara mjini na Lindi ina chumvi, na kutoka Desemba hadi Aprili ina unyevu mzito. Makosa ya mwezi wa kwanza ndiyo huharibu zaidi, kwa kuwa mnunuzi mpya anataka ing’ae. Usitumie msasa, grainda yenye brashi ya waya, limau, siki wala maji ya betri. Weusi-kahawia mgumu uliolala sawasawa ndio ngozi ya bunduki, nao unazuia kutu mpya. Kinachotolewa ni ile nyekundu ya unga inayobaki kidoleni. Paka mafuta mepesi ya bunduki, subiri siku nzima, kisha sugua polepole kwa sufi ya chuma iliyo laini kuliko zote, namba 0000, ukifuta kila mara kwa pamba. Ukianza kuona chuma cheupe, simama.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, weka mafuta ya kupenyeza siku mbili, na bisibisi ijae kabisa kwenye mfereji wa skrubu. Kama imelegea ndani yake, inole mpaka ikae. Kizibo cha nyuma cha kasiba usikiguse kamwe. Bunduki za Kifaransa na Enfield hushikwa kwa pete, hivyo kasiba hutoka kwa urahisi. Brown Bess hushikwa kwa pini nyembamba zilizopita kwenye mbao, na ukizilazimisha zitaondoka na kipande cha mti. Kama hujawahi, ziache.

Chuma kikishakauka, paka nta nyembamba, acha ikauke, futa. Kwa mbao tumia mafuta ya kitani matone machache kwenye kitambaa, mara moja au mbili kwa mwaka. Matambara yenye mafuta hayo usiyakunje ukayatupa pembeni: hupata joto yenyewe na huwaka. Yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji. Mafuta ya ganda la korosho, ambayo wengine hupaka milango kuzuia mchwa, yasikaribie kitako cha kale. Hufanya mti uwe mweusi na wenye kunata, na hayatoki tena.

Na korosho ina hatari nyingine ambayo haisemwi. Salfa ya kupulizia mikorosho ikikaa stoo moja na chuma, vumbi lake pamoja na unyevu hula chuma kwa kasi. Kati ya Juni na Septemba, mifuko ya salfa ikiwa nyumbani, sanduku la gobore liwe chumba kingine, na wewe uoge ukitoka shamba kabla ya kulishika.

Bungua wakionekana, unga mpya chini ya kitako kila asubuhi, tenga mbao na chuma. Funga mbao kwenye nailoni mbili zilizobanwa hewa isiingie, weka ndani ya friza la samaki kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa usifungue mpaka siku nzima ipite, ili umande ukae juu ya nailoni na si juu ya mti.

Sandukuni, simamisha bunduki mdomo ukiangalia chini, mafuta yasishuke yakaozesha mbao ya mtambo. Usizibe mdomo kwa kitambaa, wala usihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi. Vyote viwili hufuga unyevu. Weka pakiti za silika na kipima unyevu, na lengo liwe chini ya asilimia 60. Silika ikijaa, iweke kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili tatu, irudishe. Kagua kila mwezi, na masika kila wiki mbili, ukiwa na glavu za pamba, kwa sababu jasho la kiganja huacha alama ya kutu ndani ya siku chache.

Mwongozo huu hauhusu kufyatua. Bunduki ya kale haikaguliwi nguvu kwa macho, na baruti ina sheria na kibali chake peke yake.

Kwa kila bunduki fungua daftari: namba, kipenyo na urefu wa kasiba, mihuri iliyochorwa kwa mkono, picha za pande zote mbili na za kila kasoro, ulinunua kwa nani na lini, na maneno ya familia kama yalivyosemwa. Nakala moja iwe na leseni, nyingine kwa mtu unayetaka awe msimamizi wako wa mirathi, na aandikiwe humo kituo cha polisi ambako bunduki imesajiliwa.